Boti iko Pangani, mimi niko Moshi: nifunge kifaa gani cha kuiangalia?

Swali: "Fundi, habari za kazi. Mimi naishi Moshi, nina biashara ndogo ya kupokea wageni, wakishuka mlimani wengine wanataka bahari, kwa hiyo mwaka jana mimi na shemeji yangu tulinunua boti ya faiba, mita 7, mashine Yamaha 40, inakaa Pangani pale mtoni. Shida ni mwezi wa 4 na wa 5, wageni hakuna, boti inabaki peke yake na kijana anayeiangalia anapita mara moja moja. Nimeona mtandaoni kifaa cha boti kutoka Marekani, bei imenishtua na kuna malipo ya kila mwezi juu yake. Fundi wa hapa mjini anasema atanifungia traka ileile ya bodaboda na boti nitaiona kwenye simu. Nichukue kipi?"

Jibu:

Dada yangu, nimelisoma swali lako mara mbili. Jibu fupi ni kwamba traka ya fundi wako iko karibu zaidi na unachohitaji kuliko hicho cha Marekani, ila isiwe ya bodaboda na isifungwe vile anavyofikiria yeye. Jibu refu ndo hili, chemsha chai kabisa.

Kwanza tuelewane traka inakwambia nini. Inakwambia chombo kiko wapi, basi. Kwa bodaboda inatosha maana bodaboda ikipotea imeondoka, haizami pale ilipopaki. Boti ni kinyume, boti nyingi zinazoachwa peke yake zinapotelea palepale zilipofungwa, na traka itakuonyesha kidoti cha kijani kimetulia vizuri mtoni Pangani na wewe unalala usingizi wa raha huku boti iko chini ya maji mpaka kwenye mashine. Kwa hiyo "nitaiona kwenye simu" ni maneno matamu lakini hayajibu kitu, swali ni utaona nini.

Sasa boti yako itauawa na nini? Watu wote wananijibu wezi. Wezi wapo, tutafika, ila kwa boti ya wazi ya faiba inayokaa masika nzima adui namba moja ni mvua. Piga hesabu mwenyewe. Mita 7 kwa karibu 2, ukitoa pua iliyochongoka unabaki na kama mita za mraba 12 zinazopokea maji. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Usiku mmoja wa milimita 50, na pwani ile mwezi wa 4 hakuna atakayeshangaa, ni lita 600, yani kilo 600 zimeingia ndani bila tundu hata moja. Na maji hayakai katikati kwa adabu, yanakimbilia nyuma kwa sababu nyuma kuna mashine ya kilo 70 na kitu, nyuma inashuka, ukingo pale inapofungwa mashine unakaribia maji, wimbi dogo la boti inayopita linaingia, na baada ya hapo ni dakika tu. Mvua mbili za namna hiyo bila mtu wa kufua maji, yani kuyachota na kuyamwaga nje, na umeshakosa boti.

Adui wa pili ni tundu, mara nyingi ni kitu cha kijinga, kizibo cha nyuma hakijakazwa, bolti za mashine zimelegea, au tundu la mpira wa kutolea maji ya pampu, ile ya umeme inayofua maji ya ndani yenyewe, limetobolewa chini mno kwa hiyo maji yanarudi ndani kwa njia ileile yaliyotokea (hii nimeikuta zaidi ya mara moja, fundi anatoboa pale panapomrahisishia mkono). Tundu la milimita 25, unene wa kidole gumba cha mwanaume, likiwa sentimita 30 chini ya maji linaingiza kama lita 43 kwa dakika. Kwa saa ni lita 2,600 hivi. Pampu ya boti iliyoandikwa 1100 maana yake galoni 1,100 kwa saa, kama lita 4,100, lakini hiyo ni ya kwenye boksi, ukishaweka mpira wa kupandisha maji juu na betri iliyochoka kidogo tegemea nusu yake. Umeona hapo? Mvua ya lita 600 pampu inaimaliza kwa dakika 20 na kurudi kulala. Kwenye tundu inavutana nalo huku inazidiwa polepole, mpaka betri iishe. Ndo maana kujua tu kwamba pampu imewaka hakusaidii, unataka kujua imewaka kwa muda gani na mara ngapi.

Hapo ndo tunafika kwenye kitu ambacho mi naanza nacho kabla ya kutaja kifaa chochote: una masaa mangapi? Pampu ya namna hiyo inakula kama ampea 4. Betri ya 70Ah unaruhusiwa kutumia nusu bila kuiua, 35, gawa kwa 4, unapata masaa karibu 9. Kama betri ilikuwa imejaa. Toka Moshi mpaka Pangani kwa gari, Same, Mombo, Korogwe, Segera, Muheza halafu ile barabara ya kushuka, na malori yaliyoko njia hiyo, weka masaa 6 na zaidi, na hiyo ni kama meseji imekukuta macho na una gari lenye mafuta mlangoni. Ikikukuta saa 8 usiku simu iko sailenti, umechelewa tayari. Kwa hiyo usikilize vizuri hapa, meseji ya kuja kwako peke yako haina kazi. King'ora hakifui maji. Unahitaji watu wawili walioko Pangani kabisa, sio mmoja, wawili wasiolala nyumba moja, kila mmoja na namba yake imeingizwa kwenye kifaa, na mmoja wao awe na mtumbwi wa kumfikisha kwenye boti. Yule kijana anayepita mara moja moja mpandishie malipo kidogo mkubaliane kwa maneno ya wazi, kwamba akipigiwa usiku akaenda analipwa kiasi fulani hapohapo kwa simu. Hiyo hela itakuokolea zaidi kuliko tofauti ya bei kati ya kifaa kizuri na kibaya.

Na kabla sijasahau, kama kweli mwezi wa 4 na wa 5 huitumii kabisa, kwa nini iko majini? Sikwambii hivi kukunyima kifaa, mi nauza kazi hiyohiyo. Lakini vijana sita, magogo ya kuviringishia, siku ya bamvua maji yakiwa yamejaa kabisa, unaivuta juu, unaiinamisha kidogo nyuma, UNATOA KIZIBO, mvua inaingia na kutoka yenyewe. Mashine unaifungua unaifungia ndani kwa mtu. Tayari umemaliza maadui watatu, mvua, tundu na wezi, kwa hela ya chakula cha mchana cha vijana. Kizibo kifunge kwa kamba kwenye usukani, asiwepo mtu wa kuishusha mwezi wa 6 akakisahau, maana hilo nalo lipo. Kifaa bado utakihitaji kwa miezi mingine, wiki mbili za katikati wageni hawapo na boti inaelea, ndo maana naendelea.

Mi kazi yangu ni kufunga traka kwenye magari ya safari hapa Arusha, boti niliingia kwa mlango wa nyuma. Mteja wangu mmoja mwenye Landkruza tatu alikuwa na boti kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu, akaniambia nifungie kama ulivyofunga kwenye gari, nikafunga kama nilivyofunga kwenye gari. Nilikuwa najiamini sana. Sasa traka ya gari ambayo haijasetiwa kulala, yani kujizima kwa muda ili isile umeme, inakula kama miliampea 50 mchana na usiku, unaona ni kitu kidogo, lakini ni kama 1.2Ah kwa siku, na gari kila siku linawashwa linachaji, boti ile ilikaa wiki tano. Betri ikashuka taratibu, traka yangu ikawa inatuma lokesheni kila dakika mbili kwa uaminifu kabisa mpaka ikamaliza umeme ambao pampu ingeuhitaji. Ikanyesha. Pampu ikajaribu kuwaka ikashindwa. Kifaa nilichoweka cha kuilinda boti ndo kilichoizamisha, na nililipia mimi boti kuinuliwa, mashine ikafunguliwa na kukaushwa na bado haikuwa ileile tena. Toka siku hiyo mtu akiniuliza kifaa gani, mi namuuliza betri gani na sola ya ngapi.

Basi tuanze na hiyo. Weka betri moja nzuri kwa ajili ya pampu na kifaa, na paneli ya sola ya wati 50 yenye chaja kontrola. Usikubali ya wati 20, najua itaonekana inatosha ukipiga hesabu ya jua la mwezi wa 1, ila masika mawingu yanakupa nusu au chini ya hapo, na masika ndo wakati unaihitaji. Paneli ifungwe pasipo na kivuli na pasipo kunguru kukaa, bahati mbaya sehemu hiyo ni moja na kunguru ndo wanaipenda. Pampu na kifaa viunganishwe moja kwa moja kwenye betri, kila kimoja na fyuzi yake, KABLA ya ile swichi kubwa ya kukata umeme, kwa sababu kila nahodha mwenye nidhamu akishuka anazima swichi kubwa, na ukifunga baada ya swichi nidhamu yake inakuzamishia boti.

Sasa kifaa chenyewe. Unachotafuta ni traka ya gari, sio ya pikipiki, aina yenye waya za kuingiza taarifa, angalau mbili, na inayosoma volti za betri iliyounganishwa nayo na kukutumia. Teltonika za Lithuania wanazo modeli za hivyo, na wachina wanazo, sina ndoa na kampuni yoyote. Ile ndogo ya bodaboda mara nyingi ina waya wa umeme na wa kuzima injini basi, ndo maana nimesema hapana. Waya wa kwanza wa kuingiza unaupeleka kwenye waya wa pampu, baada ya floti swichi, kile kidude kinachoelea na kuwasha pampu maji yakipanda, kwa hiyo kila pampu ikiwaka kifaa kinaandika saa na muda. Hii ni dhahabu dada yangu. Ukikaa wiki mbili unaangalia unaanza kuijua boti yako, kwamba kawaida inawaka mara moja kwa siku nusu dakika, halafu wiki hii imekuwa mara nne na mvua haijanyesha, hapo unajua kuna mahali panavuja na unampigia kijana mchana kweupe, sio usiku wa manane. Meseji ya dharura isetiwe kwa pampu iliyowaka dakika 5 mfululizo, chini ya hapo iandike tu isimsumbue mtu.

Waya wa pili unaenda kwenye floti ya pili. Wengi wanaona ni ubadhirifu, floti si ipo? Ipo, ila ndo hiyohiyo itakayokwama. Kipande cha mfuko wa nailoni, mafuta yaliyoganda, gamba la nazi, floti inabaki chini na pampu haijui kama kuna maji, na kama kifaa chako kinasikiliza pampu basi na chenyewe hakijui, kila kitu kimya na kizuri. Floti ya pili inakaa juu ya ya kwanza kama urefu wa kiganja, haiwashi pampu, kazi yake ni kusema maji yamefika mahali ambapo hayakutakiwa kufika kamwe. Mi naiunganisha pia na taa ya kumulika na honi ndogo kwenye boti yenyewe, bei rahisi, maana mvuvi anayerudi alfajiri anaona taa inamulika anajua kuna shida, yuko mita 50 tu wakati wewe uko Moshi. Na pale ngama, sehemu ya chini maji yanapokusanyikia, pasafishwe kila mwezi, hakuna kifaa kinachoshinda uchafu.

Volti. Betri ya kawaida ya asidi iliyotulia ikiwa 12.7 imejaa, 12.2 iko nusu, ikifika 11.9 imekwisha hata kama taa bado zinawaka. Seti meseji ya kwanza 12.2 na ya pili 11.9. Kama mtawahi kuhamia betri ya lithiamu hizo namba zitupe, lithiamu inakaa 13 na kitu karibu muda wote halafu inaanguka ghafla, pale unahitaji kifaa cha kuhesabu ampea zinazoingia na kutoka, volti peke yake itakudanganya.

Halafu kuna kitu ambacho hakiandikwi kwenye tangazo lolote na kwangu kina uzito kuliko vyote, kimya. Kifaa kinachotuma meseji wakati wa shida tu, kikifa, kinafanana kabisa na kifaa ambacho hakina shida ya kutuma. Betri imekufa: kimya. Laini imefungwa: kimya. Mtu amekata waya: kimya. Kwa hiyo lazima kiwe kinasalimia, saa 12 asubuhi na saa 12 jioni kila siku, "nipo, volti 12.6, pampu mara 1." Ikipita saa 1 asubuhi hujasalimiwa, ukimya huo ndo kengele yako, unampigia kijana. Ukiuliza muuzaji swali moja tu, muulize hili, kifaa kikinyamaza nitajuaje. Akianza kukuonyesha rangi za ramani ondoka.

Mtandao. Usimsikilize mtu wa Moshi wala wa Arusha kuhusu mtandao wa Pangani, mi nikiwemo. Chukua kitochi, weka laini ya Vodacom, halafu Airtel, Yas, Halotel, nenda nayo mpaka kwenye boti yenyewe sio ufukweni, maji yakiwa yamejaa na yakiwa yamekupwa, bamvua kuna tofauti ya mita 3 na zaidi hapo na kingo za mto zinaficha mnara ukiwa chini. Inayoshika vipau viwili muda wote ndo yako, hata kama kila mtu mjini anaiponda. Nunua kifaa cha laini mbili ukiweza. Laini isajiliwe kwa NIDA yako mwenyewe, sio ya fundi wala ya wakala aliyekusaidia, halafu piga *106# uhakikishe zinaonekana kwa jina lako, fundi akihama na laini iko kwa jina lake umepoteza kila kitu. Data inayotumika ni MB chache kwa mwezi, tatizo ni bando kuisha muda na laini kukaa bila matumizi mpaka ikafungwa, weka ukumbusho kwenye simu tarehe moja kila mwezi na uache salio la kawaida kwa ajili ya SMS, maana data ikigoma SMS inaweza kupita.

Kama ingekuwa boti haina mtandao kabisa lakini nyumba ya ufukweni inao, kuna redio za LoRa zinavusha taarifa kilomita kadhaa juu ya maji kwa umeme kidogo sana. Setelaiti kama Iridium ni ya wanaovuka bahari. Kamera achana nayo, inakula betri na bando na usiku wa mvua inakuonyesha weusi. Hivyo vidude vidogo vya kutafutia funguo vinategemea simu za watu wanaopita karibu, mtoni usiku anayepita na simu ya namna hiyo ni nani.

Sasa hicho cha Marekani. Sio kibaya, naomba nisieleweke vibaya. Vifaa kama vya Siren Marine, kampuni iliyonunuliwa na Yamaha mwaka 2021, vimetengenezwa kwa boti hasa, sensa zake zimezibwa vizuri, programu ya simu nzuri. Ila angalia mambo kadhaa. Simu za kule zimetumia sana masafa ya 850 na 1900, za kwetu GSM ni 900 na 1800, kifaa kisichoshika ya kwetu ni pambo. Mara nyingi kinakuja na laini yao ndani na usajili wao, wewe unalipa dola kila mwezi na huwezi kuchomoa ukaweka laini iliyoshika vizuri Pangani. Na wakiamua kuzima kizazi cha mtandao ambacho kifaa kinatumia, kifaa kinakufa, kule kampuni ya simu ya AT&T walizima 2G mwaka 2017 na 3G mwaka 2022, ndo maana unakuta vya mtumba vinauzwa bei ya kutupa na watu wanadhani wameokota. Ukiagiza ongeza ushuru, na vifaa vya mawasiliano TCRA wanataka viwe vimepitishwa. Kwa boti yenye chumba, friji, injini mbili, umeme wa bandarini, ningekwambia nunua, au weka mfumo wa Victron, kampuni ya vifaa vya umeme wa betri na sola, ambao kuangalia kwenye tovuti yao hulipii. Kwa faiba ya wazi ya mita 7 ni kumvisha mbuzi suti.

Wezi sasa. Boti yenyewe haiibwi sana, inaibwa mashine, Yamaha 40 inauzika popote kwenye maji kuanzia Tanga mpaka Ziwa Victoria. Traka ndani ya boti itakuonyesha boti ipo, ndio ipo, mashine haipo. Chukua waya mwembamba uupitishe kwenye kishikio cha mashine na kwenye tanki la mafuta, urudi kwenye kifaa kwenye nafasi ya tatu ya kuingiza, ukikatwa tu meseji inatoka. Ndo maana nilisema angalau mbili, tatu ni bora. Na andika namba ya mashine mahali, piga picha, polisi watakuuliza hiyo kwanza.

Uzio wa kwenye ramani, jiofensi, watu wengi wanauharibu. Fundi anasimama kwenye boti anabonyeza, anaweka mita 20, usiku upepo unageuka boti inazunguka nanga meseji zinaanza, wiki moja baadaye mwenye boti amezima sauti. Nilishaletewa simu ina meseji 200 za usiku mmoja. Katikati ya uzio iwe ni NANGA ilipo sio boti ilipo, halafu jumlisha urefu wa kamba, sema mita 25, urefu wa boti 7, makosa ya GPS 10, unapata 42, weka 50. Wakati wa kaskazi boti italala upande huu, wakati wa kusi upande ule, na mtoni hapo maji yakipwa yanaisukuma kwenda baharini na yakijaa yanairudisha, yote iwe ndani ya duara. Sensa ya kutikisika izime. Ya kuinama nayo izime kama boti inakaa kwenye tope maji yakitoka, la sivyo utaamshwa mara mbili kila siku na kupwa kwa maji. Na jiandae kitu kimoja cha hapo, mto ule unatoka kwetu huku, Kikuletwa na Ruvu zinaingia Nyumba ya Mungu halafu zinashuka mpaka hapo kwenye boti yako, mvua kubwa zikiujaza mto unaleta magogo chini, gogo likinasa kamba ya nanga boti inaburutwa taratibu, kwa hiyo meseji ya uzio msimu huo usiichukulie ni wasiwasi wa kifaa.

Chumvi nitapita haraka. Waya za gari za kawaida ndani zinaliwa zinakuwa kijani mpaka nyeusi huku nje zinang'aa, tafuta waya za boti zilizopakwa bati, maungio yafunikwe ule mpira wenye gundi ndani unaobana ukiupasha moto, sio selotepu. Kifaa kikae ndani ya boksi lililozibwa, juu kadiri inavyowezekana, chini ya kiti cha nahodha na sio pale nyuma karibu na betri. Waya kabla ya kuingia kwenye boksi ushuke chini halafu upande, maji yadondokee kwenye kona. Faiba haizuii GPS kwa hiyo usihangaike kutoboa chochote.

Basi ningekuwa mimi na hela yako: nianze na vijana wawili wa Pangani na makubaliano yao, halafu betri, sola na pampu mpya yenye mpira uliotoka juu, halafu floti ya pili na taa, na ndipo traka ya gari yenye waya tatu na laini iliyopimwa pale. Fundi wako wa Moshi anaweza kuifanya yote, sio kazi ngumu, ila mwonyeshe hili na asifunge kabla hajaisetia kulala, iwe inaamka kila saa moja na papo hapo waya wowote ukishtuka. Mwambie akupe paswedi zote na namba ya laini siku anayomaliza.

Na usimlipe yote siku hiyo. Rudi Moshi, kaa, halafu mwombe shemeji yako bila kukwambia wewe siku wala saa, siku moja usiku apande kwenye boti amwage ndoo kumi za maji na ainue ile floti ya juu kwa mkono. Kama simu ya kijana imelia na kijana ametokea na mtumbwi wake, mmalizie fundi hela yake. Kama wa kwanza kujua ni wewe Moshi na Pangani wote wamelala, bado hamjafunga kitu.